Dogo unaingia chuo mwaka huu? Beba na kauntabuku ya dayari (uzi mrefu)

Kalamu ya Bluu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka majina ya udahili yakitoka, humu jukwaani zinafunguliwa nyuzi za "mwaka wa kwanza abebe nini". Orodha ni ileile: godoro, ndoo mbili, pasi, jagi la umeme, vyeti halisi na kopi zake, picha za pasipoti. Vyote sahihi. Mimi naongeza kimoja ambacho sijaona mtu akikitaja: kauntabuku moja nene, si ya vipindi, ni ya kuandikia siku zako.

Nilisoma shahada ya kwanza hapa Dar, sosholojia. Niliandika dayari tangu wiki ya kwanza hadi siku ya kurudisha ufunguo wa chumba. Madaftari yote ninayo. Leo nina kazi na familia, na ukitoa cheti chenyewe sioni kitu nilichotoka nacho chuoni kinachonifaa kuliko hayo madaftari. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, mnivumilie.

Wengi wakisikia dayari wanawaza mambo ya sekondari, mioyo na maua pembeni mwa ukurasa. Wengine wanaona lazima uwe na mawazo mazito ndipo ushike kalamu. Wanaanza kwa moto, kurasa tano kwa usiku mmoja, kabla mwezi haujaisha wameacha. Sababu ninayoiona mimi ni kwamba wanaandika walivyojisikia bila kuandika kilichotokea. Hisia tupu inachosha kuiandika, na ukirudi kuisoma haikuambii kitu. "Leo siku imekuwa mbaya sana." Sawa, lakini baada ya miezi minne unajuaje ilikuwa mbaya kwa lipi?

Andika kilichotokea. Nani kasema nini, umelipa shilingi ngapi, kipindi kimefanyika au hakikufanyika, nani kapiga simu. Hisia ikiwepo, ipe mstari wake, isimeze ukurasa wote.

Hii ni siku moja kutoka daftari langu la mwaka wa pili, majina nimeyaacha herufi:

*Alhamisi. Wali maharage 1,500. Nauli kwenda Mwenge na kurudi. Nimemkopesha S. 10,000, kasema boom likiingia. Mchango wa sendoff ya dada yake K. 5,000. Semina saa kumi: nimeulizwa anomi ya Durkheim, nimejibu, mwalimu akasema fafanua, nikarudia maneno yaleyale. Nisome tena. Mama kapiga, sauti imechoka, hajasema kitu. Mvua tangu saa moja usiku, umeme umekatika bweni zima, naandika kwa tochi ya simu.*

Basi. Ni dakika kumi za kuandika, hakuna fasihi hapo. Sasa tuuchambue, maana kila mstari ulikuja kufanya kazi.

Anza na pesa. Wakati wetu posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ilikuwa 8,500 kwa siku, kwa hiyo boom (ndiyo posho hiyo ikiingia kwa mkupuo) la siku 60 lilikuwa 510,000. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote pesa imeenda wapi atakutajia kitu kikubwa: viatu, simu, jinzi za Kariakoo. Dayari ilinionyesha picha nyingine. Chumbani kwetu kilichokuwa kinamaliza boom ni michango na mikopo midogo midogo, buku tano huku, kumi kule. Hakuna anayeikumbuka, kwa sababu ukiitoa unajiona umefanya jambo jema, wala hujioni umetumia. Tangu hapo nikawa natenga fungu la michango siku boom linapoingia. Likiisha, namwambia mtu kwa upole kwamba limeisha. Sikugombana na mtu.

Halafu ile "fafanua". Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu kwa Kiingereza, na unaweza kupata B bila kujua ulichoandika. Usiku ule sikuishia hapo, nilijaribu kuiandika anomi, ile dhana ya mwanasosholojia Durkheim, kwa Kiswahili cha kawaida, kama namweleza mdogo wangu: hali ya watu kukosa mwongozo pale kanuni walizozizoea zinapolegea na mpya hazijashika. Nilikwama mara kadhaa hadi ikakaa sawa. Ikawa desturi. Dhana ya wiki naiandika kwenye dayari kwa Kiswahili, mistari mitatu, bila kufungua desa (notsi za kozi). Ikigoma, najua nimekariri. Mwezi wa UE (mitihani ya mwisho wa semesta) nilikuwa na muhtasari wangu mwenyewe tayari, na nilikuwa nauelewa.

La tatu ni la mama. "Sauti imechoka, hajasema kitu." Kwa siku moja hilo ni jambo dogo, mtu yeyote anachoka. Nilipomaliza UE nilikaa nikasoma semesta nzima kwa mara moja, na ule mstari ukawa unajirudia: mwezi wa tatu upo, wa nne upo, wa tano upo, kila mara kwa maneno karibu yaleyale. Nilipanga kubaki Dar likizo nitafute kibarua. Nikaghairi, nikapanda basi. Nilimkuta presha iko juu na alikuwa anaficha ili nifanye mitihani kwa utulivu. Tulianza kliniki wiki hiyohiyo. Yupo, anatumia dawa, na wajukuu anawabeba.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, wakuu. Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa mwisho wa semesta na kusoma yote kwa mkao mmoja. Jambo lililotapakaa kwenye wiki kumi na tano hulioni ukiwa ndani yake, linaonekana likikusanyika kwenye kurasa zilizofuatana. Wanaoandika nawaona wapo. Wanaorudi kusoma ni wachache sana, na faida iko huko.

Nimalizie na kisa cha mwaka wa tatu. Matokeo ya awali yalibandikwa, alama ya testi ya pili ya kozi moja haipo kwangu na kwa wenzangu kadhaa. Ofisini tukaambiwa hatukufanya. Chuo sikitaji. Dayari haimlazimishi mtu kukuamini, lakini yangu ilikuwa na tarehe, chumba, saa tuliyoanza, na kwamba msimamizi wa kwanza aliondoka katikati, akaja mwingine ambaye ndiye aliyekusanya karatasi za safu yetu. Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Tulimfuata yule wa pili, bahasha ilikuwa kabatini kwake haijapelekwa. Bila ule mstari tungebaki tunabishana na karani hadi dirisha la rufaa lifungwe.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu mwageni, madogo waliopo wanasoma.

Bint Pangani

Mkuu uzi wako umetulia. Naomba nigusie usiri, maana kwa wasichana hiki ndicho kikwazo cha kwanza. Mimi nilikaa chumba cha watu sita, vitanda vya dabodeka, na juu yake wageni wa kubebana, yaani wasio na chumba wanaolala kwa wenzao. Dayari ukiiacha chini ya mto kuna atakayeisoma, tena wala si kwa ubaya, ni mazoea ya kuishi kwa kubanana.

Nilichofanya: mambo ya kawaida nayaandika kwa Kiswahili, mambo mazito naandika Kibondei, lugha ya kwetu. Mule chumbani hakuna aliyekijua. Jambo nisilolitarajia ni kwamba Kibondei changu kilikuwa cha kuongea na bibi tu, sikuwahi kukiandika, na nilipoanza nikajikuta nakumbuka maneno ya bibi ambayo ningeyasahau kabisa. Sasa hivi yale madaftari ndiyo nayotumia kuwafundisha wanangu.

Pia tranka na kufuli. Na majina ya watu yaandike herufi moja kama alivyofanya mleta uzi, lakini usitumie herufi ya jina lenyewe. Daftari ikisomwa, ugomvi unaanzia kwenye jina.

Dokta Mtarajiwa

Naunga mkono na naongeza kwa wale wa afya. Nipo mwaka wa nne, tumeshaanza kuzunguka wodini. Dayari ni muhimu kwetu kuliko watu wa kozi nyingine, lakini ina mpaka wake: usiandike jina la mgonjwa, namba ya faili, kitanda, wala kijiji anakotoka. Siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu daftari ni lako. Mimi naandika "mama wa makamo, kisukari, kidonda cha mguu", natosheka. Kinachofuata ni mimi niliona nini, nilifanya nini, daktari bingwa aliuliza nini nikakosa jibu.

Mgonjwa wa kwanza kufariki nikiwa zamu, niliandika kurasa nyingi usiku ule. Hakuna aliyetuandaa. Asubuhi tuliendelea na raundi kama kawaida. Wenzangu wengine walinyamaza nalo, na mpaka leo ukilitaja wanabadilisha mazungumzo. Sisemi kuandika kulinitibu. Nasema nilipata mahali pa kuliweka nikaweza kuingia raundi ya asubuhi nikiwa na akili yangu.

Hodi Hodi

Mimi naomba nipinge kidogo, kwa heshima zote.

Mwaka wa kwanza niliachwa na mtu niliyekuwa naye tangu kidato cha tano. Nikashauriwa niandike. Niliandika kila usiku, na kila usiku jambo ni lilelile, yeye kasema hivi, mimi ningesema vile. Nilizidi kuzama. Nilipoacha kuandika nikaanza kucheza mpira jioni, ndipo nikapata nafuu. Kwa hiyo tusiwaambie madogo kuwa dayari inafaa kila mtu kwa kila jambo. Kuna ushahidi wowote au ni uzoefu wetu tu?

Kalamu ya Bluu (mleta uzi)

Mkuu Hodi Hodi, asante kwa kulisema wazi, na swali lako ni la haki. Ushahidi upo, na sehemu yake inakubaliana na wewe.

Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha mwaka 1986 utafiti waliofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kisha basi. Wengine walipewa mada nyepesi, wengine waliambiwa waandike jambo lililowaumiza maishani. Walioandika la kuumiza, yaani kilichotokea pamoja na walivyojisikia, walijisikia *vibaya zaidi* mara tu walipomaliza kuandika. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wa mada nyepesi.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, tukio na hisia viliandikwa pamoja. Pili, ilikuwa siku nne. Hawakuambiwa wakwangue kidonda kilekile semesta nzima. Ulichopitia wewe, kurudia mazungumzo yaleyale kila usiku, ni kitu kingine, na kuacha ulikoacha kulikuwa na akili. Ningekushauri leo: likikukaba, liandike siku chache mwanzo hadi mwisho, kisha funga, rudi kwenye wali maharage na nauli. Mpira endelea nao.

Na kama mtu anaandika akajikuta kila ukurasa anataka kufa au kujidhuru, hapo dayari haitoshi. Aende kwa mshauri nasaha, ofisi ya mlezi wa wanafunzi, au amshike rafiki mkono waende wote. Usiku huohuo, asingoje kesho.

Kuhusu mitihani kuna utafiti mwingine wa 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanafunzi waliopewa dakika kumi kabla ya mtihani waandike wasiwasi wao juu ya mtihani huo walifanya vizuri kuliko ambao hawakuandika hivyo, hasa wale wenye hofu kubwa. Maelezo yao ni kwamba hofu inakula nafasi ya akili unayohitaji kufanyia hesabu. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwenye vimbweta (meza na viti vya zege vya kusomea nje) asubuhi ya UE kabla sijaujua huo utafiti, nikiwaona wenzangu wanapekua madesa hadi mlangoni.

Na kwa wasiopata usingizi: mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwalaza watu 57 maabara. Nusu waliandika kwa dakika tano kabla ya kulala mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, nusu waliandika waliyokwisha kufanya. Wa kwanza walishikwa na usingizi mapema kwa takribani dakika tisa. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa siku uwe wa kesho.

Comrade wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Huku kwetu ni HELB (mkopo wa serikali wa wanafunzi) badala ya boom lenu, lakini shida ya michango ni ileile kabisa, nimesoma nikaona chumba chetu.

Swali langu ni simu. Vijana wengi siku hizi hawana mkono wa kuandika, wanapiga chapa tu. Mimi nilianza na programu ya simu. Simu ikanyakuliwa stejini jioni moja, ikaenda na kila kitu, sikuwa nimehifadhi kwingine. Baada ya hapo nikahamia daftari. Je, mnaonaje anayetaka simu?

Kalamu ya Bluu (mleta uzi)

Pole sana comrade. Simu inafaa, mradi iwe na nywila ambayo hata mpenzi haijui na maandishi yawe na nakala kwingine. Mimi ni wa daftari. Simu ukiifungua kuandika, ujumbe wa kikundi cha darasa umeshaingia, umesahau ulichotaka kuandika. Asiyeweza daftari kabisa, aandike popote.

Babu wa Kigamboni

Vijana, mmenigusa. Mnaonekana kuidharau kidogo dayari ya mwanafunzi kama kitu cha shida na pesa tu. Inaweza kwenda mbali.

Mwaka 1952 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires aliahirisha masomo akazunguka Amerika Kusini na rafiki yake Alberto Granado. Walianza na pikipiki, ikawafia Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa kudandia malori. Kila alikopita aliandika: wachimba madini, wagonjwa wa ukoma, watu wasio na dawa. Akarudi nyumbani, akayachukua yale madaftari akayaandika upya, akamaliza udaktari 1953. Ni Ernesto Guevara, mnayemwita Che.

Na kwetu hapa anahusika. Novemba 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo hadi Kigoma baada ya vita kumshinda, akaletwa Dar es Salaam, akakaa ndani ya ubalozi wa Cuba kwa miezi kadhaa. Kazi aliyofanya humo ni kukaa na kumbukumbu zake za vitani, akaziandika upya na kueleza bila kuficha kwamba ile ni habari ya kushindwa. Tabia aliyoianza akiwa mwanafunzi ndiyo hiyohiyo: kuandika papo hapo, kisha kurudi kusoma na kupima. Siasa zake mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa, mimi nazungumzia nidhamu ya daftari.

Bint Pangani

Babu asante, hili la Dar sikulijua.

Nimkumbushe mleta uzi jambo la field, yaani mafunzo kwa vitendo. Ile logibuku ya chuo, ya kuandika kazi za kila siku, wengi wanaijaza usiku wa mwisho, "nilisaidia kazi za ofisi" wiki nane mfululizo. Mimi nilikuwa kwenye halmashauri, na dayari yangu ilikuwa na kila kitu: malalamiko waliyoleta wananchi wa kata fulani kuhusu kisima, nani alijibiwa, nani aliambiwa arudi Jumatatu na Jumatatu hakukuwa na mtu. Ripoti ya field niliiandika kwa siku chache kwa sababu mali ghafi ipo. Na mada ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu ilitoka kwenye kile kisima, sikuhangaika kutafuta mada mtandaoni kama wengine.

Dogo Njia Panda

Shikamooni wakubwa. Nimepata chuo Dodoma, naripoti mwezi ujao. Nimesoma wote mliochangia. Maswali yangu: nikiruka siku nifanyeje? Na hiyo kusoma mwisho wa semesta unasomaje, unatafuta nini?

Kalamu ya Bluu (mleta uzi)

Marahaba dogo, hongera kwa kuchaguliwa.

Ukiruka siku, usirudi kuziba. Andika tarehe ya leo uendelee. Kinachoua dayari nyingi ni deni la siku zilizopita, mtu anaona ana wiki nzima ya kuandika, anaiogopa daftari yenyewe.

Kusoma: chagua siku moja baada ya karatasi ya mwisho, kabla hujapanda basi kwenda nyumbani, kwa sababu ukifika nyumbani hautasoma. Kaa na kalamu ya rangi nyingine. Usisahihishe kitu, hata kama ulichoandika unakionea aibu. Tafuta kinachojirudia: jina, malalamiko, matumizi, kozi unayoikimbia, mtu ambaye kila ukikaa naye unaandika umechoka, na mtu ambaye kila ukikaa naye unaandika umecheka. Pigia mstari. Halafu ukurasa wa mwisho andika mambo matatu tu utakayoyabadilisha semesta ijayo, na tarehe.

Kauntabuku nunua hukohuko kwenu kabla ya safari, madukani karibu na chuo mwanzo wa muhula bei inapanda. Chukua ya jalada gumu, maana itakaa kwenye begi na chupa ya maji. Na ukurasa wa kwanza usiandike jina lako kamili wala chumba, andika namba ya simu ya ndugu mmoja, ikipotea itarudi.

Ukifika Dodoma rudi humu utupe mrejesho, uzi nauacha wazi.